Tambarare ya Ndera

Tarehe ishirini Mei, siku ya Jumamosi, nilipoteza goti langu la kulia. Niliruka kupiga mpira karibu na wavu, katika ukumbi mmoja wa Remera, Kigali, nikatua mguu ukiwa umeelekea huku na mwili kule. Mlio wa goti niliusikia mimi peke yangu. Wengine walisikia kilio tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Shule niliiacha kidato cha pili kule Karagwe, tulikokulia kabla ya kurudi Rwanda, kwa hiyo voliboli ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Mama alipofariki, mwaka mmoja kabla ya hapo, watu walijua la kufanya. Walikuja kila jioni wiki nzima. Wengine walileta vinywaji, wengine walikaa kimya kwenye mabenchi. Siku ya mwisho tulisali, tukanywa pamoja, tukaambiwa matanga yamekwisha, turudi kazini. Niliendelea kulia, lakini nilijua niko wapi. Goti halina matanga. Wenzangu wa timu walikuja baada ya upasuaji, kila mmoja akaniambia "komera", yaani jipe nguvu, tukapiga picha, wakaenda mazoezini. Ilikuwa haki yao kwenda.

Nilikuwa nimepanga chumba na wawili kati yao mtaa wa Gitega, hapo hapo Kigali, chini kabisa ya ngazi ambazo kwa magongo sikuziweza. Dada yangu mkubwa akasema niende kwake Ndera. Huko kuna mashamba, nyumba mpya, na hospitali ya magonjwa ya akili. Kwa sababu ya hospitali hiyo, Kigali mtu akitaka kukutania kwamba umechanganyikiwa, husema utapelekwa Ndera. Nilipowapigia wenzangu kuwaambia ninakohamia, walicheka mpaka simu ikawaponyoka.

"Kwa hiyo hatimaye umefika!"

"Wamekupa kitanda au bado wanakupima?"

"Mwacheni jamani, mgonjwa wa watu. Wee, wakikudunga sindano utuambie!"

Nilicheka nao. Baada ya hapo walipiga simu mara chache, halafu hawakupiga tena.

Dada alitoka alfajiri kwenda kwenye kabichi zake, shemeji akaenda kwenye ujenzi, mimi nikabaki kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Mwanzoni nilifanya mazoezi niliyofundishwa hospitalini. Baadaye niliacha, kisha nikaacha kuoga. Sikuona nitaoga niende wapi. Usiku sikulala, mchana nilisinzia. Dada akirudi nilimwambia nimekula, na sufuria aliiona bado imejaa. Kuna siku niliwaza kwamba angepumzika kama nisingekuwapo. Sikumwambia mtu. Kuishi Ndera na kusema neno kama hilo, niliona ni kujipeleka mwenyewe.

Miezi ilipopita, fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akinitazama goti, akasema, "Sasa anza kukimbia kidogo. Polepole. Ila tafuta tambarare, mteremko utakuumiza."

"Tambarare, Kigali hii?"

"Tafuta. Mungu hakutusahau kabisa."

Tambarare niliyoipata ilikuwa moja tu, kipande cha barabara ya vumbi juu ya mgongo wa kilima, kando ya uzio wa hospitali ile. Kila asubuhi nilikimbia kutoka kona moja ya uzio hadi nyingine, nikarudi natembea. Sikufurahi. Nasema hivyo kwa sababu wanaosifia kukimbia husema furaha. Mimi nilitoka jasho, jasho likanilazimisha kuoga, na nikishaoga nilisikia njaa. Ilikuwa hivyo tu. Usiku nikaanza kulala, si sana. Jioni moja dada alifunua sufuria.

"Leo panya wamekula?"

"Panya mmoja. Mrefu."

Alicheka, nikatambua kwamba tangu nihamie kwake sikuwa nimemsikia akicheka.

Kisha goti likavimba. Fizio akanikataza kukimbia mpaka uvimbe uishe. Nilirudi kwenye kiti, na siku chache tu zilitosha. Usingizi ukaondoka, maji ya kuoga yakanishinda, na yale mawazo yakarudi yakakaa karibu zaidi kuliko mwanzo. Nilianza kukiogopa kiti kuliko nilivyoliogopa goti. Asubuhi moja ya mvua nililifunga kwa kitambaa nikaenda kukimbia.

Lilikuwa linauma tangu hatua za kwanza. Nilikuwa nusu ya uzio niliposikia pikipiki nyuma yangu, inatembea kwa mwendo wangu. Dereva alinisemesha Kinyarwanda. Alipoisikia lafudhi yangu akahamia Kiswahili, kile cha Kigali.

"Dada, iko mvua mingi. Simama kidogo, ihangane."

Ihangane ni pole, na pia ni vumilia. Nikamwambia, "Niache. Nakimbia tu."

"Najua. Wote wanakimbia." Akautazama uzio. "Umepitia wapi, huku nyuma?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilijitazama. Nilikuwa nimevaa gauni la kulalia la dada juu ya suruali ya mazoezi, kitambaa kilining'inia gotini, kiatu kimoja hakijafungwa kamba, na nilikuwa nalia kwa sauti, jambo ambalo sikulijua mpaka aliponisimamisha.

Nilitaka kumwonyesha nyumba ya dada, ilikuwa inaonekana kutoka pale tulipokuwa. Lakini alikwisha shuka. Alichukua kofia ya abiria, akanivalisha, akanifunga mkanda chini ya kidevu taratibu, kama anamfunga mtoto.

"Hakuna mtu atakupiga. Tunarudi tu."

Tangu mama afe hakuna aliyekuwa amenigusa uso. Nikapanda.

Getini mlinzi alitoka na koti la mvua kichwani.

"Nimeleta mtu wenu," dereva akasema.

"Huyu si wetu."

"Si wenu vipi? Mwangalie vizuri!"

"Nimemwangalia. Huyu ni yule wa kukimbia, kila asubuhi anapita hapa. Bwana wee, umeteka mtu."

"Mimi nimeteka? Mtu analia kwenye mvua!"

"Kwani wewe hujawahi kulia?"

"Si kwenye mvua!"

Nesi mmoja alikuwa anaingia zamu, ameshika mwavuli. Aliwanyamazisha kwa mkono, akaniuliza, "Dada, unakaa wapi? Tukuitie mtu wako?"

Ningeweza kwenda nyumbani wakati ule. Ilikuwa ni kusema kwamba mimi si mgonjwa wao, na lilikuwa neno la kweli. Nikasema, "Mimi si wa hapa. Lakini silali. Na nikikaa, nawaza vibaya."

Mlinzi akatazama chini. Dereva akafungua mkanda wa kofia, akaichukua. Nesi akausogeza mwavuli juu yangu.

"Ingia."

Alinipa taulo na chai, akanisikiliza. Sikuwa nimezoea kuzungumza muda mrefu, na maneno yaliisha mara kadhaa. Hakuniharakisha.

"Unakimbia ufike wapi?" akaniuliza.

"Sifiki popote. Nakimbia ili nisikae."

"Basi goti likiruhusu, kimbia, ni dawa nzuri. Likikataa, usibaki na hayo mawazo peke yako. Njoo Jumanne, utaonana na daktari."

Jioni nilimwambia dada. Alikuwa anachagua maharage. Mikono yake ikasimama.

"Uliingia ndani? Ndani kabisa?"

"Ndani kabisa."

"Na wakakuachia?"

"Wakaniachia."

Kisha nikamwambia na lile la kwamba angepumzika kama nisingekuwapo. Alimaliza kuchagua maharage, akayaosha, akayainjika. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu, na moshi haukuwa mwingi hivyo.

"Jumanne," akasema, "kabichi zitanisubiri."

Jumanne alijifunga kitenge chake cha kanisani. Tulitembea polepole kwa sababu ya goti. Mvua haikuwapo. Tulipofika getini alitazama barabara upande wa juu, kisha upande wa chini. Mama mmoja anayeuza naye sokoni alikuwa anakuja na karai kichwani, akapunguza mwendo kutuangalia. Dada alimsalimia kwa sauti, akamuuliza habari za watoto, akasubiri ajibiwe. Kisha akatangulia kuingia.