Shikamoo Niliyoipokea Mtae

Usipoamini ni juu yako. Mimi siapi wala sikuletei shahidi, maana ushahidi ni mwili wangu huu unaouona. Mimi ni mtu wa Soni na sijatimiza miaka arobaini. Najua unavyoniangalia. Subiri kwanza.

Mama yangu alikuwa anasahau. Alianza kwa kusahau sufuria jikoni, akaja kwa majirani, kisha watoto wake. Dada yangu, aliyemzaa mwenyewe, akawa anamwita "wewe binti". Kichwani mwake nilibaki mimi tu, kitinda mimba. Nikiingia ananiita jina langu, ndipo anakula. Nisipokuwepo hali. Sikulia, sikukasirika, nililisha tu. Dada ndiye aliyesema, "Kaka, nenda kapumzike. Utaanguka hapa, na yeye nitamfanyaje?"

Nina Noah kuukuu ya kubebea kabichi. Nikang'oa viti vya nyuma, nikatandika godoro, nikaweka na jiko la gesi. Wageni wanasafiri hivyo huku kwetu kila siku, nikasema nami nijaribu. Nikashika njia ya Mtae, kule milima inakoishia upande wa kaskazini. Ardhi inakatika pale, na kukiwa kweupe unaona tambarare mpaka Kenya. Lukozi nilisimama kununua viazi, halafu nikaviacha dukani. Ndivyo nilivyokuwa.

Nilifika alasiri, ukungu umeshashuka. Nikaegesha karibu na ukingo, nikaweka jiwe kwenye tairi, nikabandika chai. Bibi kizee akaja akitokea upande wa genge, kule kwenye poromoko. Niamini, huko hakuna njia, nilikwenda kuangalia baadaye. Alikuwa amepinda mgongo, amejifunga kanga, peku. Majani yalikuwa yanachuruzika maji na miguu yake ilikuwa mikavu.

Akaja mpaka mbele yangu, akapiga goti. "Shikamoo, baba."

Sasa wewe umelelewa, unajua. Mtu wa umri ule hakuamkii wewe. Akikosea kwa macho mabovu, unamwahi: hapana mama, wa kuamkia ni mimi, shikamoo. Hata mtoto wa chekechea anajua hilo. Lakini mimi nilikuwa nimekufa ganzi, na mdomo ukajibu wenyewe.

"Marahaba," nikasema.

Akashusha pumzi. "Asante, baba. Nilikuwa nimechoka kuamkiwa."

Akanyanyuka, na mgongo ukanyooka. Nilikuwa natazama, sikuhadithiwa. Akarudi kwenye ukungu kwa hatua za msichana aliyechelewa kwaya. Ndipo akili ikanirudia. Nikaita, "Shikamoo, mama! Shikamoo!" Hakuna aliyeitika. Je, niliogopa? Hapana, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Chai ilikuwa inamwagika, nikanyoosha mkono kuzima jiko. Mkono ulikuwa wa mzee.

Akapita mwanamume mwenye mzigo wa kuni, rika langu kabisa. Akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo, mzee." Nikamsimulia. Akautua mzigo polepole.

"Uliitikia?"

"Niliitikia."

Akasema kwao mtoto anafundishwa mapema: anayetoka upande wa genge akikuamkia, hupokei, unamrudishia palepale, kabla hajanyanyuka. Nikamkaribisha chai. Akasema ana haraka.

Nilirudi Soni kesho yake. Dada alifungua mlango akanitambua kwa sauti, maana uso haukumsaidia. Akalia yeye. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa mama, nikachukua bakuli la uji, nikakaa mahali pangu pa kila siku. Nikangoja aniite jina.

Akaniangalia vizuri, akajitengeneza kanga. "Shikamoo, baba," akasema.

Ungejibu nini? Nikamwambia, "Mama, ni mimi. Shikamoo." Akacheka kidogo, kwa heshima, kama mtu anayetaniwa na mzee asiyemjua. Akageukia ukuta. Uji ukapoa.

Siku hizi dada ndiye anayemlisha, na kinachoingia ni kidogo. Amekonda. Kila asubuhi nikiingia ananiamkia, na mimi nanyamaza. Nimeitikia watu wengi, hata wazee wenzake mama, lakini yeye siwezi. Anamnong'oneza dada kwamba mzee huyu hana adabu, hapokei salamu za watu. Halafu ananiuliza, "Baba, wewe unatembea huko milimani. Mwanangu amekwenda Mtae. Hujakutana naye njiani?"

Namwambia anakuja.

Ukienda Mtae nenda tu, ni pazuri. Ila usiende umechoka kama nilivyochoka mimi. Na aliyekuzidi umri akikupigia goti, usiangalie pembeni wala usifikirie chai. Mrudishie salamu yake kabla hajanyanyuka.