Likiharibika Kwako, ni Lako

Watu wa Bukoba wakiniona nachechemea huniambia pole, nami huipokea. Wengi hawajui kwamba mguu huu niliuvunja nikicheza. Tulikuwa wanaume wanne wazima, wenye wake na heshima zetu kanisani, tukamiliki kwa pamoja gari la kukimbiza ambalo halikuwa na kazi nyingine yoyote duniani. Halikubeba ndizi, halikubeba mgonjwa, na sokoni halikuruhusiwa kwenda. Kiti cha nyuma tulikitoa, tukachomelea mabomba ya chuma ya kulinda vichwa vyetu, kana kwamba vichwa hivyo vilikuwa na kitu cha maana ndani.

Tulilinunua Mwanza kwa mtu aliyekuwa amelichoka. Lilikuwa dogo, la milango miwili, na ukilikanyagia mafuta lilipiga kelele kama mbuzi anayeburutwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kulimudu peke yake. Wa kwanza alikuwa mkandarasi wa barabara kutoka Muleba, mtu mnene asiyejua kunong'ona. Wa pili alikuwa na mitumbwi kisiwani Goziba. Samaki walivuliwa na watu wengine, yeye akakaa mjini ananukia marashi. Wa tatu alikuwa bwana mifugo, aliyeishi Izigo kwenye kibanja cha migomba cha baba yake. Wa nne ni mimi, mwenye duka la dawa.

Siku lilipofika tuliketi sebuleni kwangu, tukagawana buni za kahawa na kuzitafuna, kama wazee wetu walivyofanya walipofunga omukago, ule undugu wa kuchanjana. Damu tuliiruka. Mimi nauza dawa, najua damu za watu zina nini.

Hapo ndipo mkandarasi alipotoa sheria. Gari litakaa kwa kila mtu mwezi mmoja kwa zamu, na katika mwezi huo Jumamosi ya kukimbiza ni yake, mwingine asiguse usukani.

"Na likiharibika kwako, ni lako," alisema. "Utatengeneza mwenyewe. Usituletee habari za michango, michango tunayo ya harusi."

Tukapiga makofi. Mpaka leo nasema haikuwa sheria mbaya. Ilitungwa na mtu anayewajua wanadamu.

Mahali pa kukimbizia palikuwa juu ya Izigo, kwenye rweya, ule uwanda wa majani ambako migomba haikubali kuota. Kijiji kilituruhusu, tukapanga mawe yaliyopakwa chokaa, tukapata mzunguko wa vumbi unaopanda kilima, unaozunguka shamba la misonobari na kurudi. Wapenzi wengine wa magari walikuja na yao kutoka Bukoba mjini. Watu walikaa nyasini wakala miwa na kutushangilia, na wengine, nadhani, walikuwa wanasubiri mtu apinduke.

Sasa, gari haliharibiki siku moja. Linaanza na kamlio kadogo upande wa kushoto, wiki inayofuata kamlio kanakuwa kelele, halafu ndipo kitu kinakatika. Kwa sheria yetu, aliyelipa ni yule ambaye kitu kilikatikia mikononi mwake. Kwa hiyo kazi ikawa kulibembeleza mpaka mwisho wa mwezi, ulikabidhi likiwa bado linatembea. Mkandarasi alimimina oili nzito kwenye gia boksi ili isilalamike. Mwenye mitumbwi alipenda kukabidhi siku ya mvua, maana hakuna mtu atakayelala kwenye matope kuchungulia chini. Mimi nililipeleka kwa mkandarasi injini ikiwa ya moto, nikasimama kupiga soga huku inanguruma, kwa sababu nilijua ikipoa haitawaka. Baadaye tulisimuliana haya mezani na kucheka mpaka machozi. Hakuna aliyeona kuwa ni wizi. Tuliona ni sehemu ya mchezo.

Asiyeuelewa mchezo alikuwa bwana mifugo. Yeye akipokea gari alitandika gunia, akaingia chini na tochi, akapapasa kila kitu kama anavyopapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Alichokuta kibovu alikibadilisha. Siku ya kukabidhi alisimama mbele yetu akaeleza alichotengeneza, na kama kuna kilichomshinda akaomba radhi. Tulimwita Mwinjilisti. Tulimsifu mbele yake, tukamvika kilemba cha ukoka, na akigeuka tukakonyezana.

Zamu zilikuwa hivi: mkandarasi, mwenye mitumbwi, Mwinjilisti, kisha mimi. Mpangilio huo niliutoa mimi, na sikuutoa kwa kubahatisha. Wale wawili walimwaga maradhi yao kwake, yeye akayatibu, mimi nikapokea gari zima. Watu walinisifu kwa udereva. Kwenye kona ya misonobari, ambako wenzangu walipunguza mwendo, mimi nilipita bila kugusa breki. Ujasiri ule wote ulikuwa wa kuazima. Nilijua tu kwamba yule mtu asiposema kitu, basi hakuna kitu, na juu ya ukimya wake niliweka maisha yangu kila nilipofunga mkanda.

Mwezi mmoja gia boksi ilimfia njiani, hata Jumamosi yake haijafika. Wote tulijua ilikuwa inakufa tangu kwa mkandarasi. Hakulalamika. Aliuza mtamba, ambaye mkewe alikuwa anamlea kwa mkono wake, akanunua nyingine, akatuita Jumapili baada ya ibada tuje kulichukua gari.

"Nyegera waitu," mkewe alitukaribisha, akatuwekea ndizi na samaki, na bakuli la senene. Tukala. Mkandarasi aliposhiba akafungua mkanda wa suruali, na mdomo nao ukafunguka.

"Shemeji," alimwambia yule mama, "unajua kwamba mumeo ametuoa? Sisi wote watatu. Anatuhudumia, anatutunza, na hatumdai chochote kitandani."

"Na mahari ameshatoa," mwenye mitumbwi akadakia. "Mtamba."

Mimi nikaona nisipitwe. "Mke mdogo ni mimi," nikasema. "Ndiyo maana napendwa zaidi."

Tulicheka mpaka mkandarasi akapaliwa. Mwinjilisti naye alitabasamu kidogo, kama alivyotabasamu siku zote. Halafu mkewe akacheka. Alikuwa amejizuia, amebana midomo, kisha akaziba uso kwa upindo wa kanga na mabega yakaanza kutikisika. Mtamba alikuwa wake, na sijui kama kile kilikuwa kicheko cha furaha. Lakini kilikuwa kicheko. Mwinjilisti hakututazama sisi, alimtazama yeye. Akainuka, akakusanya sahani zetu, akazipeleka jikoni mwenyewe. Tukaaga na kuondoka tumeshiba.

Gari likazunguka tena kwetu sote. Zamu ya Mwinjilisti ikaja, ikaisha, na nikaenda Izigo kulichukua. Lilikuwa limeoshwa mpaka kwenye matairi, tangi limejaa. Alinipa funguo mlangoni.

"Vipi, Mwinjilisti," nikamtania, "leo hakuna mahubiri?"

"Leo sina," akasema.

Kusema kweli nilifurahi. Mahubiri yake yalikuwa marefu, nami nilikuwa na haraka.

Jumamosi iliyofuata nikaingia kwenye kona ya misonobari kama kawaida yangu. Nilisikia kishindo kimoja chini ya miguu, usukani ukawa mwepesi mkononi, na gurudumu la mbele likajikunja chini ya gari. Gari likapinduka, likaendelea kupinduka, likasimama ubavu dhidi ya mti. Sikuzimia. Ningeshukuru kama ningezimia, maana mfupa wa paja nilikuwa nauona.

Aliyefika kwanza alikuwa Mwinjilisti. Alikata mkanda kwa kisu chake cha kazi, akanitoa taratibu, akanifunga mguu kwa mbao za uzio, kama anavyowafunga ndama. Mkandarasi alikuwa analizunguka gari, ameshika kiuno, anasikitikia boneti. Mwenye mitumbwi alikuwa anapiga video. Video hiyo ninayo. Sauti inayolia kama mtoto ni yangu.

Hospitalini Bukoba mguu ulining'inizwa, ukafungwa uzito, nikaambiwa nitalala hivyo wiki nyingi. Dawa na sindano ni kazi ya wauguzi; kuogeshwa, uji na kumwagiwa choo ni kazi ya ndugu zako. Ndugu zangu wako Dar es Salaam, na upendo wao hufika kwa simu. Mke wangu alikuwa amejifungua siku chache kabla, yuko Ijumbi kwa mama yake, na mwenyewe alikuwa bado wa kuhudumiwa.

Basi akawa anakuja Mwinjilisti. Kila jioni, akitoka kwenye ng'ombe wa watu, alipanda pikipiki yake kutoka kote huko, akafika na uji kwenye chupa, maji ya moto na sabuni. Alinilisha. Aliniosha mahali ambapo mwanamume hapendi kuoshwa na mwanamume mwenzake, na alifanya hivyo akiongea habari za mvua na bei ya kahawa, ili nisione aibu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliniuliza kama ni ndugu yangu wa tumbo moja. Mke wangu alilia kwenye simu. "Mungu amekupa mtu," aliniambia. "Ukipona, usimsahau mtu huyo." Nami nilimpenda. Nalisema wazi, kwa wiki zile nilimpenda kuliko kaka zangu.

Kisha mchana mmoja wakaja wale wawili wengine na machungwa. Nikawauliza gari lilipatwa na nini. Mwenye mitumbwi alivuta kiti karibu, macho yanacheka.

"Boljointi," akasema. Ni kile kifundo cha chuma kinachoshikilia gurudumu la mbele. "Ilikuwa inagonga tangu kwangu. Nikachomeka kipande cha tyubu ya baiskeli, nikapaka grisi, ikanyamaza. Nikajua Mwinjilisti atalala chini, ataiona, ataibadilisha kama kawaida yake."

"Basi safari hii imempita," mkandarasi akasema.

"Imempita."

Wakautazama mguu wangu unaoning'inia. Mkandarasi alijaribu kujizuia, akashindwa. "Ila, waitu," akasema, "limeharibika kwako."

Tukacheka wote watatu, na mimi nikiwemo, mpaka uzito ule ukatikisika na maumivu yakanipanda hadi kwenye meno. Nilicheka kwa sababu ningekuwa mimi niliyesimama pale na machungwa, ningesema maneno yaleyale.

Walipoondoka sikuyagusa machungwa. Nilianza kufikiri juu ya mtu anayepapasa kila nati kwa vidole, na kipande cha tyubu nyeusi kilichokaa mahali pasipo pake. Nilijaribu kuamini kwamba kilimpita. Nilitaka sana kuamini hivyo, maana uji ulikuwa bado unakuja jioni ile.

Alipofika alipanga vitu vyake kama kawaida, akamimina maji kwenye beseni, akajaribu moto wake kwa kiwiko.

"Ile boljointi uliiona?" nikamuuliza.

Alikuwa anakamua kitambaa. Akaendelea kukikamua.

"Niliiona."

"Uliiona."

"Nilinunua na mpya. Ipo nyumbani, kwenye karatasi yake." Aliongea polepole, kama anavyomweleza mtu kwamba ng'ombe wake hatapona. "Nililala chini ya gari, nimeishika mkononi. Nikakumbuka mke wangu alivyocheka. Nyie mlikuwa mnacheka siku zote, nilishazoea. Yeye sikumzoea. Nikatoka chini nikaliosha gari."

"Lakini aliyeharibu ni yule wa mitumbwi! Mimi nilikukosea nini?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unafuata," akasema.

Kisha akaniambia kwamba kila siku ya wiki ile alishika simu anipigie. Hata asubuhi ya Jumamosi yenyewe, aliponiona navaa helmeti, alinikaribia aniambie. Nikamwambia asogee, ananikanyagia glavu. Sikumbuki kusema hivyo. Naweza kuwa nilisema.

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, kilipoisha nikaendelea kwa Kihaya, nikamtaja mama yake na mtamba wake na mkewe na kicheko chake. Mzee wa kitanda cha pili alitikisa kichwa kwa kunisikitikia, akidhani homa imenipanda kichwani hata namtukana malaika. Mwinjilisti alingoja nimalize, kitambaa mkononi, maji yanadondoka sakafuni.

"Nikiondoka," akaniuliza, "atakuosha nani?"

Hakuuliza kwa kejeli. Ningemsamehe kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka jibu, nami nikalitafuta jibu kwa bidii, mtu mmoja baada ya mwingine, watu wote ninaowafahamu, kutoka Bukoba mpaka Muleba. Nilikuwa nimelala tangu asubuhi kwenye jasho na mkojo, mgongo umeanza kuchubuka.

"Haya," akasema, "jiinue kidogo, maji yanapoa."

Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote. Nikashika chuma kilichokuwa juu ya kitanda, nikajiinua, naye akapitisha mkono chini yangu akaanza kuniosha mgongo.