Mfupa Usio na Nafasi

Kwenye soko la mbuzi la Mutomo, mkono hutangulia bei. Unamshika mnyama kiuno, unamwinua kidogo, unajua kama umeinua mbuzi au maji aliyonyweshwa asubuhi. Kwa hivyo binti yangu alipokuwa mzito kuliko watoto wa rika lake, nilijisifu. Nilimwinua mara mbili kuhakikisha.

Kisha akaanguka kutoka kwenye kigoda, kimo cha goti tu, na paja likavunjika.

Eksirei ilitoka nyeupe pe. Kijana wa mashine alidhani ameharibu, akapiga tena. Nyeupe. Mimi nikaridhika. "Si mfupa umejaa?"

"Kujaa ndio shida, mama," daktari akasema. "Ndani hakuna nafasi ya uboho. Ni mgumu kama chaki, na unavunjika kama chaki."

Hakuhitaji kuendelea. Mimi ni mtu wa kugonga mfupa kwenye sahani na kufyonza kilichomo. Wa mtoto wangu ungegongwa usitoe kitu.

Lakini aliendelea. Mfupa wa kichwa nao ulikuwa unajaa, na mshipa wa fahamu wa kila jicho hupita kwenye tundu lake. Tundu likifunga, jicho limekwenda. Alitaka skani aone kama yote mawili yako wazi.

Chumba cha skani hakina dirisha. Mlango ulifungwa nyuma yangu, nikavishwa aproni ya kuzuia miale, nzito kama mbuzi wa kuchinjwa. Mtoto alilazwa mbele ya lile shimo la mashine, mguu kwenye plasta.

"Mshike kichwa, mama. Kwa nguvu."

Nguvu ndicho kitu pekee nilichokatazwa kutumia kwake. Nikasimama na mikono miwili mizima isiyo na kazi. Picha ikatikisika.

"Turudie," kijana akasema kwenye spika. "Lakini sipendi kumpiga miale ovyo."

Ikabaki biashara. Nikamwinamia. "Ukilala bila kujitingisha, nitakupa soda."

"Hapana."

"Soda na mandazi."

"Mwaitu, mama yangu, ongeza."

Nilijua amefunzwa na nani. "Haya, sema yako."

"Kale kambuzi keupe. Usikauze."

Kambuzi kenyewe kalikuwa kameshapata mnunuzi. Tulikuwa tumepeana mkono, na sokoni kwetu mkono ukishapeanwa umepeanwa. Mtoto akachomoa wake kwenye blanketi, akaunyoosha, akangoja. Nikampa mkono. Akatulia hata nikamwangalia kifua kama kinapanda.

"La kulia liko wazi," daktari alisema baadaye. "La kushoto limebana sana."

Nikamwomba arudie. Akarudia, halikubadilika. Maisha yangu yote ukinitajia nusu ya bei, hapo ndipo naanza kusukuma. Nilitafuta pa kusukuma, sikupaona.

"Na hilo la kulia litakaa wazi mpaka lini?"

"Tutapiga picha nyingine tuone."

Mnunuzi alikuja nyumbani na kamba yake. Nikamwambia kuna mtu mwingine nilimpa mkono.

"Wangu ulitangulia, mama."

"Najua."

"Sasa huyo mwingine ni nani, nimwone?"

Nikamwonyesha. Alikuwa ameketi mlangoni, mguu umenyooshwa, kambuzi kakiwa pajani upande usio na plasta. Alikuwa amegeuza uso kidogo kushoto, ili amtazame mgeni kwa jicho la kulia.