Juma la Macho

Adolphine Mwadi wa Kapata, mtaa wa Kolwezi, huishi kwa nyuso za wafu. Huchora pia vibao vya saluni na vya maduka ya dawa, lakini kinachompa unga wa kila siku ni kilio. Mtu akifa, familia humletea kadi yake ya uchaguzi. Yeye huikuza ile picha ndogo mpaka ienee kitambaa cha mfuko wa unga, na kwa siku tatu sura hiyo husimama mbele ya turubai, wageni wakipita mmoja mmoja kuitolea maoni. Wachoraji wachache hupata wakaguzi wengi namna hiyo, na wakaguzi wenye huzuni hawana adabu.

Mwaka juzi alimchora marehemu mke wa mwalimu mmoja wa Dilala, na uso ukatoka wa kiume. Kaka wa marehemu alisimama mbele yake kwa muda, mikono nyuma, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye masufuria: "Mama, uyu ni mi. Na mi siyakufwa bado." Watu walicheka kilioni. Mwalimu hakucheka. Hakulipa pia, lakini hilo Adolphine alilisahau mapema kuliko kicheko.

Ndipo alipotafuta masomo kwenye simu. Alimpata bwana mmoja mwenye ndevu, anayefundisha kwa Kifaransa akiwa katika chumba kisicho na vumbi hata chembe, na bwana huyo alikuwa na mpango wa majuma saba. La kwanza machungwa na chupa. La pili mikono. La tatu umbo la kichwa, la nne pua na masikio, la tano midomo, la sita ngozi na kivuli. La saba macho. Macho yalikuwa mwisho, alieleza, kwa sababu kila mwanafunzi huyakimbilia, na anayekimbilia macho hubaki na macho mazuri juu ya kichwa kibovu. Kila asubuhi kuchora, nusu saa kwa brashi juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, nusu saa kwa kidole juu ya simu. Jumapili mapumziko. Hakuna kuruka.

Mwingine angeruka. Lakini Adolphine ni binti wa karani wa kampuni ya zamani ya madini, amekulia katika nyumba ambamo watu walikula, wakalala na wakaamka kwa king'ora. Kampuni ilikufa, king'ora kikauzwa chuma chakavu, utii ukabaki nyumbani bila kazi ya kufanya. Mpango wa majuma saba uliukuta umekaa tu.

Juma la tatu lilitaka kichwa kisichotikisika. Watoto wa jirani walitikisika. Mama wa jirani hakutikisika, ila hakunyamaza. Alichokipata hatimaye ni kichwa cha Stany Mukuna, kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka Mwene-Ditu, kwa Wakasai, aliyechimba madini usiku kule Mutoshi na kutoka shimoni saa kumi na mbili asubuhi. Stany alikuwa amepanga godoro, si chumba. Watu watatu walililalia kwa zamu, na zamu yake ilianza saa tatu. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu hakuwa na mahali popote pa kuwa duniani, na aliyamaliza masaa hayo ameegemea ukuta wa Adolphine.

"Yaya, ni kukaa tu?" aliuliza siku ya kwanza, akimwita dada mkubwa kwa lugha ya kwao na kukitazama kiti kama mtu anayetafuta hila ndani yake.

"Kukaa tu. Usitikisike."

"Ata kulala?"

Adolphine alifikiri. "Mutu ya kulala njo hatikisike."

"Basi ulipata mufanyakazi," alisema Stany, na akalala kabla chai haijapoa.

Majuma manne ilikuwa hivyo. Kijana alikuja na vumbi lake, akanawa uso kwenye ndoo, akakaa, akalala kinywa wazi kidogo, na Adolphine akafanya kazi. Alijifunza sikio lake la kulia, lililokatwa ncha na jiwe. Alijifunza mdomo wa chini, ulioning'inia upande mmoja kana kwamba unataka kubisha. Alijifunza jinsi vumbi la shimo linavyokaa kwenye mikunjo ya shingo hata baada ya sabuni. Saa tatu kasoro alimgusa bega; kijana akaamka, akanywa chai baridi huku akitazama chini, akaenda kulirithi godoro. Walizungumza kidogo sana. Mtu akikupa usingizi wake, si vizuri kumdai na maneno.

Mzee Ngoyi, mchora vibao aliyemfundisha Adolphine kushika brashi zamani, alipita juma la tano akazipekua karatasi. Alichukua muda. "Sasa mukono yako inaanza kusikia," alisema. Kisha akauliza: "Lakini uyu kijana iko na macho?"

"Juma la saba, tata. Njo programme."

"Programme," alisema mzee, kama mtu anayetaja ugonjwa ulioua ndugu zake, na akaenda zake.

Juma la sita liliisha Jumamosi. Adolphine alikuwa na karatasi ishirini na nne za Stany, na kumi na tisa ndani ya simu, kwa sababu asubuhi tano umeme haukuwapo wa kuichaji. Jumatatu angemwomba kijana akae macho. Alishaweka akiba ya sukari kwa ajili hiyo.

Usiku wa kuamkia Jumapili mvua ilinyesha na shimo likaanguka. Sita walitoka. Stany hakutoka. Kumtoa kulihitaji mashine, na mashine zote zilikuwa na kazi nyingine.

Mkuu wa kundi lao alikuwa Ruffin, ambaye, kama kila mtu Kolwezi mwenye shimo moja na jenereta, huitwa PDG, yaani mkurugenzi mkuu. Alikuja Jumapili hiyohiyo mchana. Kadi ya uchaguzi ilikuwa mfukoni mwa marehemu, simu yake pia, na mfuko ulikuwa pale ulipokuwa. Kundi lilikuwa na picha moja tu: watu saba mlangoni mwa bohari, na kivuli cha kofia kimemla Stany mpaka puani.

"Mama yake anakuya na camion, siku ine," alisema Ruffin. "Sanduku nilishanunua. Tutatia bote zake za miguu na shuka. Lakini kilio bila sura, haina kilio. Banasema we unamujua sana."

"Namujua wa kulala."

"Basi umuamushe," alisema Ruffin. Hakukusudia mzaha.

Adolphine alichora siku tatu. Kichwa kilitoka chenyewe. Pua, sikio, mdomo wenye ubishi, vyote vilikuja bila kuitwa, na alijua kwamba hajawahi kufanya kazi nzuri kama hiyo. Kisha alifika kwenye macho. Kuyafumba hakuweza: kwao Kapata, picha ya kilio hutazama watu, na iliyofumba macho husemekana inamkatalia mgeni. Aliwauliza wale sita. Mmoja alisema macho yalikuwa makubwa, mwingine madogo, wa tatu alisema shimoni ni giza. Basi akaweka macho ya kawaida, mazuri, ya mtu yeyote.

Mama yake Stany aliitwa Mama Ndaya. Alizaliwa Likasi, akaondoka mkoa huu akiwa msichana, ndani ya behewa la mizigo, mwaka ambao Wakasai waliambiwa warudi kwao, hata wale ambao hawakuwahi kufika huko. Kiswahili alikuwa bado nacho. Mwanawe hakuwa amemwona kwa miaka sita. Alishuka kwenye lori, akapita katikati ya wanawake waliokwisha kuanza kulia kwa heshima yake, akaenda moja kwa moja kwenye picha.

Aliitazama. Akakaribia, akatazama tena. Halafu mabega yake yakashuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Uyu haina mutoto yangu," alisema.

Wanawake waliokuwa wakilia wakatazamana.

"Stany jicho ya kushoto inafunguka nusu, toka kuzaliwa. Uyu anafungua yote mbili. Ni mutoto ya mutu mwengine, mulikosea. Mupigie mama yake simu, anateseka bure kule." Akamgeukia Ruffin, akampa mkono kwa adabu. "Pole sana kwa mutu yenu, tata. Camion inarudia saa ngapi?"

Ruffin alimvuta Adolphine kando. "Umuache," alisema chini chini. "Aende na furaha yake. Mama mwenye furaha haulizake mambo mingi."

Ulikuwa ushauri mzuri, na kila mtu angefaidika nao. Adolphine alikwenda nyumbani, akarudi na karatasi zake zimezungushwa kwa kamba. Huenda ilikuwa huruma. Huenda pia hakuvumilia kusikia, mara ya pili katika maisha yake, na mbele ya turubai zima, kwamba uso aliouchora si wa mwenyewe.

"Mama," alisema, "macho nilidanganya. Sikuyaonaka. Tazama izi."

Mama Ndaya alizipokea kama mtu anayepokea karatasi za serikali. Moja akaiweka chini. Ya pili. Ya tatu lilikuwa sikio tupu, akaiweka chini. Kwenye ya nne aliweka kidole juu ya mdomo wa chini, hakukiondoa.

"Njo vile anakuwaka analala," alisema.

Alikaa chini juu ya udongo, si kwenye kiti alichowekewa, na kilio cha Stany Mukuna kikaanza, siku tano baada ya kufa kwake.

Kesho yake asubuhi, kabla sanduku halijapigwa misumari, mama alizitaka karatasi zote. Hakuomba. Alizipanga juu ya shuka ndani ya sanduku, ishirini na nne, nyuso zikitazama juu. Adolphine alizitazama zikienda, mkono wake wote wa majuma manne.

"Na zile za mu telefone?" aliuliza Mama Ndaya. Mtu alishamwambia.

"Ziko."

"Batu hawazikake mutu nusu. Uzitoshe."

Wakakaa pamoja kwenye benchi. Adolphine aligusa ya kwanza, simu ikauliza kwa Kifaransa kama ana hakika anataka kuifuta. Akasema ndiyo. Mama alikuwa ameinama, akiangalia kila uso mpaka ulipotoweka, kisha akaashiria kwa kidevu kwamba waendelee. Mara kumi na tisa simu iliuliza, na mara kumi na tisa ikajibiwa.