Siku Shukriya Alipomjibu Wifi Yake

Shukriya alizaliwa Tabora, akaletwa Ibra, Omani, akiwa bi harusi, na Kiarabu chake cha kuungaunga kikachekwa na ukoo mzima wa mumewe. Basi akajifunza kufunga mdomo. Akilaumiwa, kimya, akisingiziwa, kimya. Watu wakamsifu kwa upole, kumbe mwenzao moyoni anatokota.

Binti yake Ghadeer hakurithi upole huo. Alisoma dini za kale chuoni Maskati, akajua Kiebrania, na sasa alikuwa amepata nafasi ng'ambo ya kuandika juu ya marabi, wanazuoni wa Kiyahudi wa zamani, na namna walivyowafasiri wanawake wa vitabu vyao. Mama mtu akawa anatembea kifua mbele mtaani.

Asubuhi moja alikuja wifi yake Huwaida, mkubwa wa ukoo. Alipokea kikombe cha kahawa, akakiweka chini bila kukionja. Kwao kila mtu anajua maana yake: mgeni ana haja, na hanywi mpaka akubaliwe. Haja yenyewe ilikuwa Ghadeer asiende. Msichana anayeshinda na vitabu vya Mayahudi ameshapotea, alisema, na mama yake ndiye aliyemwachia.

Shukriya akainamisha kichwa, kama desturi yake. Ghadeer akaomba ruhusa amsimulie shangazi yake kisa kimoja. Akamweleza habari za Hana wa vitabu hivyohivyo, mwanamke tasa aliyesali midomo ikitikisika na sauti haisikiki, hata kuhani akamdhania amelewa. Hana alimjibu palepale kwamba hakulewa, ana huzuni. Marabi walipomsoma walichukua kwake adabu za kusali, wanaume wazima na ndevu zao wakafundishwa na mwanamke. Tena wakasema, anayedhaniwa ubaya asiokuwa nao asinyamaze. Na aliyemdhania amtake radhi, ambariki.

Kahawa ilikuwa imeshapoa. Shukriya akainua uso.

"Wifi, heshima yako iko palepale," alisema. "Lakini mwanangu hajapotea, na mimi sikumwachia. Nimemlea. Atakwenda."

Huwaida alimtazama kama ndiyo kwanza anajulishwa kwake leo. Akamuuliza Ghadeer kama kweli hao marabi walisema aliyekosea abariki. Ghadeer akasema ndivyo, akasogea na kuinama apokee dua.

Huwaida akampita, akaushika mkono wa Shukriya.

"Niwie radhi, wifi yangu. Mola akuridhie. Umelea."