Tarehe ya Karani

Chama chetu cha kusoma vitabu hukutana Jumamosi alasiri sebuleni kwa mama, Buruburu. Hatusomi riwaya. Tunasoma vitabu vya hesabu na sayansi, vile vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa kawaida kama sisi, na tuna sheria moja ambayo hatuivunji: sura ikishasomwa, lazima ijaribiwe. Tulipofika sura ya joto tulichemsha sufuria zote za mama, akatununia wiki nzima. Yeye, aliyestaafu kutoka kanjo, yaani baraza la jiji, hakuwa mwanachama. Alikuwa akituletea chai, anasimama mlangoni na trei, anasema, "Watu wazima na mvi zao, wanacheza shule," kisha anarudi jikoni, ambako alisikia kila neno.

Jumamosi moja sura ilidai jambo ambalo nililikataa kwa sauti. Eti ukikusanya watu ishirini na watatu tu, kuna uwezekano unaozidi nusu kwamba wawili kati yao wana siku moja ya kuzaliwa. Ishirini na watatu! Na mwaka una siku mia tatu na ushee! Mwalimu wa fizikia, ambaye ndiye mdogo kuliko wote katika chama, akaniambia nisihesabu watu, nihesabu jozi, kwa maana kila mtu anaweza kulingana na kila mwingine. Nikazihesabu kwenye karatasi, zikapita mia mbili na hamsini. Mimi nikishindwa na hesabu namna hiyo hufurahi kuliko nikishinda.

Wiki iliyofuata tukawaalika majirani. Kwa kuwa tunawajua kwa mizaha yao, tulikubaliana kila mmoja alete kitambulisho, asije akatutungia tarehe. Walijaa hadi kwenye mikono ya makochi. Tukawa tumepungukiwa na mtu mmoja, nikamvuta mama kutoka jikoni na mikono yake ya unga.

Wa kwanza kusoma alikuwa mwanachama mwenzetu, mzee mstaafu wa reli. "Tarehe moja, mwezi wa kwanza." Wa pili akawa jirani wa ng'ambo ya barabara. "Tarehe moja, mwezi wa kwanza." Tulipiga kelele hadi mbwa wa nje wakaitikia. Wa tatu alikuwa kijana wa Agosti. Wa nne, mama mmoja wa kanisani, alianza kucheka hata kabla ya kusoma, na tulipomaliza kuzunguka chumba, karibu kila mwenye mvi alikuwa amezaliwa siku ya mwaka mpya.

"Wasee, hii experiment imekufa," mwalimu akasema huku ameshika kichwa. "Kitabu kinasema siku zote ziko na nafasi sawa. Huku kwetu karani alikuwa na siku moja tu!"

Alikuwa amesema kweli. Wazazi wa wenye mvi hao hawakuandika tarehe popote, kwa hiyo kijana alipokwenda kuchukua kitambulisho akaulizwa alizaliwa lini, akabaki kukodoa macho, karani alimwandikia Januari mosi na kumwita anayefuata. Watu walicheka wakafuta machozi.

Mama hakucheka. "Mimi hii siku siipendi," akasema, akikitazama kitambulisho chake. "Kila mwaka mnaniletea keki ya karani. Ningependa kujua yangu kabla sijafa."

Nilikuwa najua kwamba haigusi ile keki. Miaka yote nilidhani ni sukari anayoiogopa. Niliona uchungu, na pia haraka ikanishika, kana kwamba siku hiyo ingepotea tusipoitafuta palepale.

"Mum, kwani mama yako hakukuambia kitu yoyote?" mwalimu akamuuliza.

"Alisema jua lilimegwa asubuhi ile nikizaliwa. Hadithi za wazee tu."

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Hiyo si hadithi, mum. Hiyo ni tarehe!"

Maana mwendo wa mwezi unahesabika, mbele na nyuma, na kila mara ulipolifunika jua kuna jedwali linaloonyesha ni lini na wapi. Simu zikatoka mifukoni. Mwaka wenyewe mama alikuwa na uhakika nao, kwa kuwa ndio mwaka ambao serikali ya mkoloni iliwahamishia watu wa kwao, Murang'a, katika vijiji vya kulindwa. Tukaupekua. Jua lilikuwa limemegwa huko mara mbili mwaka huo, Juni na Desemba, na zote mbili asubuhi!

Chumba kikagawanyika. Mzee wa reli alishikilia Juni, nami nikambishia bila sababu yoyote ya maana. Ndipo mama akavuta stuli akaketi katikati yetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Juni, Murang'a, ni nani ameona jua la asubuhi? Ni ukungu na baridi mpaka saa sita," akasema. "Na mama alikuwa ameketi uani akiota jua, uchungu umemshika, akaona mwanga unapungua. Toeni Juni."

Tukaitoa. Mwalimu akasoma ile tarehe ya Desemba polepole, mara mbili, kisha akaongeza kwamba ilikuwa Jumatano.

"Desemba?" mama akasema. "Kumbe kanjo walinistaafisha karibu mwaka mzima kabla ya wakati!" Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia nyumbani kwetu. Lakini yeye alikwisha kupiga simu kwa dada yake mkubwa kijijini, sauti ya simu ikiwa juu kama kawaida yake, na bila hata salamu akamwambia, "Nilizaliwa Jumatano."

Upande wa pili tukasikia sauti nyembamba ya dada yake ikiuliza, "Na mimi je?"

Majirani walikuwa wameanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Mama akaifunika simu kwa kiganja.

"Rudini mketi," akatuambia. "Bado mmoja."