Bakuli la Jumanne

Kwa mtu ambaye hajawahi kupanda ukuta, nianze na kamba, maana bila kuielewa kamba hutaelewa kwa nini nimeumia. Wapandaji huenda wawili wawili. Mmoja anapanda, mwenzake anabaki chini ameshika kamba. Anayepanda anajifunga kwa fundo tunaloliita la nane kwa sababu ya umbo lake: unalifunga mara moja, unaipitisha ncha ya kamba kwenye mkanda wa kiunoni, halafu unairudisha njia ile ile mpaka nane ziwe mbili zilizolala ubavu kwa ubavu. Kabla mguu haujaacha ardhi, kila mmoja anamkagua mwenzake kwa macho na kwa mkono. Ni kazi ya sekunde chache. Nimewafundisha wanaoanza kwa miaka mingi katika ukumbi mmoja kule Farsta, pembezoni mwa jiji kuu la Waswidi, na huwa nawaambia: usione aibu kumkagua mtu anayejua kuliko wewe.

Aliyenifundisha maneno hayo ndiye aliyekufa.

Alikuwa Mrundi kama mimi, fundi kiwandani Södertälje, na pale ukumbini tulikuwa wawili tu wa kuongea Kiswahili. Akiniona nimekwama ukutani alipiga kelele kutoka chini: "Miguu! Miguu ndiyo yenye kazi, mikono ni mapambo!" Waswidi wakageuka kutazama, tukacheka wawili. Mkewe nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu, ingawa hatukuzaliwa pamoja.

Alianguka Jumamosi moja ya mwezi wa tano, kwenye mwamba ulioko kusini mwa jiji. Kamba yake ilikuwa mikononi mwa rafiki yake wa miaka mingi, Mswidi mrefu, mpole, ambaye tangu siku ile alionekana kama mtu asiyejua aiweke wapi mikono yake.

Niseme kweli: klabu ilimpenda dada. Siku ya tatu tayari palikuwa na orodha ya zamu, nani apike, nani ampeleke mtoto shule, nani akae naye tu sebuleni. Zamu yangu ilikuwa Jumanne. Nilitoka nyumbani Akalla na bakuli la plastiki lenye kifuniko, nikapakata chakula ndani ya treni mbili mpaka Södertälje.

"Mdogo wangu," dada aliniuliza Jumanne ya kwanza, akifunua kifuniko, "huu ni wali au ni uji?"

"Ni wali uliochoka na safari, dada."

"Afadhali. Hawa Waswidi wananipenda, nawaona, lakini chumvi wameificha."

Hata katika wiki ile hakunirudishia bakuli tupu. Kwetu huwezi kumrudishia mtu chombo chake bila kitu ndani. Siku ile aliweka machungwa matatu, ambayo bila shaka yaliletwa na mtu mwingine kumpa pole. Jumanne nyingine zilikuwa karanga, biskuti, majani ya chai.

Lakini kabla ya bakuli kulikuwa na maneno. Siku moja baada ya kifo, mwenyekiti wa klabu alinipigia simu. Ni mama wa makamo, mtu wa haki, au ndivyo nilivyoamini. Aliniomba nimweleze dada jinsi ilivyotokea, kwa lugha yetu. Jiwe lilimeguka, alisema. Lilimeguka kule juu, likang'oka pamoja na chuma kilichobeba kamba.

Nikaenda. Nilikaa naye sakafuni nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, polepole, kwa mikono. Nilimwonyesha maji yanavyoingia kwenye ufa, yanavyoganda wakati wa baridi na kuupanua, mwaka baada ya mwaka, bila mtu kuona kwa nje. Nilieleza vizuri sana. Mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyoeleza vizuri, nasikia haya.

"Kwa hiyo hakukosea?" aliniuliza.

"Hakukosea, dada. Hakuna aliyekosea."

Akashusha pumzi. Nikajiona nimefanya jambo jema.

Mwezi wa nane tulikutana ukumbini kupanga mafunzo ya msimu mpya. Mwenyekiti akasema kuanzia sasa ukaguzi ufanyike mara mbili, na wazoefu nao wakaguliwe, asisamehewe mtu.

"Sawa," nikasema. "Lakini kwa nini? Kilichomeguka si jiwe?"

Yule rafiki mrefu aliinuka, akatoka nje. Mwenyekiti akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Tulidhani umeshajua."

Basi nikajua. Shemeji yangu alikuwa katikati ya kufunga fundo mtu fulani alipopita akamsalimu. Akageuka, wakaongea, wakacheka, akasahau kuirudisha ncha. Rafiki yake hakumkagua. Wanaoanza hukaguana kila mara kwa sababu wanaogopa. Hawa wawili walikuwa wamepanda pamoja miaka mingi mno. Nusu ya fundo ilikaa kwa msuguano mpaka juu kabisa, pale alipoegemea kamba ili ateremshwe, ikafunguka.

"Mlijua wote?"

"Ilikuwa kwa ajili yao wawili," alisema mwenyekiti. "Dada apate kulala, na yule aliyetoka asije akajidhuru. Polisi wanajua, aliwaambia siku ile ile. Tulitaka dada apate nguvu kwanza."

"Mngemwambia wenyewe hilo jiwe lenu."

"Asingetuamini kama anavyokuamini wewe."

Aliyasema kama sifa. Nilichukua koti langu. Watu ninaowakabidhi uzito wangu wote kila wiki walikuwa wamekaa mezani, vikombe mkononi, wakinitazama kwa huruma, na kila mmoja wao alikuwa ameniacha nimpelekee dada uongo ule na wali wa moto juu yake.

Taarifa ya polisi ingemfikia kwa posta, labda baada ya miezi. Nilimwona kichwani mwangu akiifungua jikoni peke yake, au binti yake wa miaka tisa akimsaidia maneno magumu ya Kiswidi. Sikuweza kuiacha barua initangulie.

Jumanne ya wiki hiyo nilimwambia kabla hajafunua kifuniko. Nilimwambia yote, bila kumtetea mtu. Akachomoa mkanda wa gauni lake la kuogea, akauweka mezani.

"Nionyeshe."

Nikafunga nusu kwenye ncha moja. Nikafunga na zima kwenye ncha ya pili, nikaziweka mbele yake zote mbili. Akazitazama.

"Mtu akiangalia tu, anaona?"

"Anaona."

"Muda gani?"

"Kama kupepesa jicho mara mbili, dada."

Alivuta ile nusu. Ikafunguka kwa urahisi, mkanda ukaanguka sakafuni. Sikuinama kuuokota, wala yeye.

"Na wewe," akasema, "uliponihubiria barafu na nyufa, ulikuwa umeona nini?"

"Sikuona kitu. Niliambiwa."

"Uliambiwa. Na kazi yako si kukagua?"

Ndipo nikainama, nikauokota mkanda.

"Mwambie yule aliyeshika kamba aje mwenyewe," alisema mwishowe. "Wewe usije naye. Kiswidi nakijua."

Nilimfikishia ujumbe. Akaniomba nimsindikize, angalau mpaka mlangoni. Nikakataa. Alikwenda Jumapili. Jumatatu alikuja ukumbini mapema, macho yamevimba, lakini uso umefunguka kama wa mtu aliyelala usingizi kwa mara ya kwanza tangu Mei.

"Alinipa kahawa," aliniambia. "Nilimweleza kila kitu. Alilia, nikalia, akanishika mkono. Aliniambia nirudi." Kisha akafungua mkoba wake. "Na amesema nikupe hili."

Lilikuwa bakuli langu. Limeoshwa, limekaushwa, kifuniko kimefungwa vizuri. Nilifungua. Hakukuwa na kitu ndani.

"Ni msafi sana," alisema yule Mswidi kwa upole, bila kujua alichonikabidhi.

Sikumweleza. Mimi ninayeeleza kila kitu, hilo sikulieleza.

Aliyeshika kamba alipewa kahawa, kwa sababu alikwenda na maneno yake mwenyewe. Naona haki iliyomo, na bado inaniuma. Klabuni nafundisha, nakagua mafundo, nasalimia, lakini siwaachii tena uzito wangu. Napanda njia fupi tu, zile ambazo mtu anaweza kuruka chini.

Jumanne iliyofuata nilipika tena, nikatia chumvi ya kutosha, nikapanda treni zangu mbili. Dada alifungua mlango. Alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Hakusema karibu. Hakusema nisije. Aliingia nalo ndani; nilisubiri kidogo pale kwenye ngazi, nikasikia kifuniko kikifunguliwa, kisha nikashuka.